GOFU: UNASUKUMA AU UNAVUTA? TUELEWANE KWANZA



Leo naomba tuweke siasa pembeni tuongelee mchezo ambao wengi wetu tunaudharau kwa kusema ni wa vigogo wenye vitambi: gofu. Najua humu kuna vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji kwenye viwanja vyetu, na wengine wameanza kujifunza kwa fimbo za kuazima. Hao ndio nawaandikia hasa. Swali wanaloniuliza mara kwa mara ni hili: wakati fimbo inashuka kwenda kwenye mpira, unatakiwa usukume au uvute? Mwalimu mmoja anasema vuta kwa mkono wa kushoto. Unaingia kwenye intaneti, jamaa wa kwenye video anasema sukuma kwa mkono wa kulia. Kijana anajaribu vyote kwa mpigo, mgongo unauma, mpira unaishia vichakani.

Hili si swali dogo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko, kwa hiyo gofu inaweza kuwa ajira. Na mtu wa hali ya chini hana mipira ya kuchezea hovyo. Mwenye hela zake akikosea mara mia moja analipia ndoo nyingine ya mipira, wewe ukikosea siku yako imeisha. Kujifunza kwa intaneti kunawezekana kabisa. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia video, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Lakini lazima ujue unachokiangalia, la sivyo utakuwa unapoteza pesa za kafe tu.

(Nazungumzia mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto mgeuze tu.)

MANENO MAWILI, MAANA MBILI

Kwanza tuondoe utata. Kwenye gofu ya Kizungu maneno "kusukuma" na "kuvuta" yanatumika pia kuelezea mpira ulikoenda. Mpira ukienda moja kwa moja kulia wanasema umesukumwa, ukienda moja kwa moja kushoto wanasema umevutwa. Hiyo ni habari ya mwelekeo. Inategemea uso wa fimbo ulikuwa unaangalia wapi na fimbo ilikuwa inapita njia gani wakati wa kugusa mpira. Unaweza kuvuta kwa mkono wa kushoto na mpira ukaenda kulia! Mada ya leo ni kani: mikono inafanya nini kwenye mpini.

KAMBI YA WANAOVUTA

Mtu maarufu wa kambi hii ni Ernest Jones, Mwingereza aliyepoteza sehemu ya mguu wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa mguu mmoja aliendelea kucheza vizuri tu, baadaye akawa mwalimu mkubwa kule New York. Alikuwa anafunga kisu kidogo cha kukunja kwenye leso kisha anaizungusha. Ukiizungusha, leso inakazika na kisu kinakwenda kasi. Ukijaribu kukisukuma kisu kwa leso, leso inajikunja na kisu hakiendi kokote. Ndiyo yale yale ya kwamba kamba huwezi kuisukuma.

Kwetu mfano wake ni kombeo (siyo manati ya mpira, nasema lile la kamba la kufukuzia ndege shambani). Jiwe linapata mwendo kwa sababu mkono unavuta kamba kuelekea ndani, na jiwe linataka kutoka nje. Hakuna anayesukuma jiwe.

KAMBI YA WANAOSUKUMA

Sasa wenzao wanasema: fimbo ya gofu siyo leso, ni chuma. Chuma unaweza kukisukuma. Na ni kweli. Ukifika juu kabisa ya swingi, mkono wa kulia umekunjwa kwenye kiwiko. Fimbo ikishuka mkono huo unanyooka, na mkono unaonyooka lazima unasukuma kitu. Ben Hogan, kwenye kitabu chake cha mwaka 1957, aliandika kwamba kwa upande wa nguvu alitamani angekuwa na mikono ya kulia zaidi ya mmoja. Lakini watu wanasahau kwamba Hogan alitaka nyonga zianze kugeuka kwanza, mikono ifuate.

Aliyeipanga mada hii kwa mfumo ni Homer Kelley wa Seattle, Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1969, The Golfing Machine, kinagawa wachezaji makundi mawili: wapigaji, ambao wanasukuma kwa mkono wa kulia, na wazungushaji, ambao wanavuta kwa kushoto. Alisema njia zote mbili ni halali, ila usizichanganye. Bryson DeChambeau, aliyeshinda U.S. Open mwaka 2020 na 2024, alijengwa kwa kitabu hicho hicho.

Ukitaka picha ya haraka, angalia riadha. Kutupa tufe ni kusukuma. Kurusha nyundo ni kuvuta. Wote ni watu wenye nguvu, ila miili yao inafanya kazi tofauti.

FIZIKIA INASEMAJE

Hapa ndipo penye utamu, msikimbie.

Kushuka kwa fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo sekunde. Mpira wenyewe unagusana na fimbo kwa muda wa sekunde 0.0005 tu. Maana yake ni kwamba ule msukumo wa mwisho ambao watu wanadhani wanaupeleka ndani ya mpira haupo. Kabla mkono haujasikia kitu, mpira umeshaondoka. Mwendo wote lazima uwe umetengenezwa kabla.

Unatengenezwaje? Mwaka 1968 Cochran na Stobbs, kwenye kitabu cha utafiti uliofanyika Uingereza, walieleza swingi kama vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba. Kipande cha kwanza ni mabega na mikono, cha pili ni fimbo, na bawaba ni vifundo vya mikono. Kipande cha kwanza kinaanza, cha pili kinabaki nyuma kimekunjwa, halafu kinafunguka kwa kasi.

Kinafungukaje bila kusukumwa? Fikiria konda aliyesimama ndani ya daladala bila kushika bomba. Dereva akikanyaga breki, gari linapungua mwendo, konda anarushwa mbele. Kwenye swingi mikono inaanza kupunguza mwendo karibu na mpira, na fimbo inarushwa mbele. Mwendo wa mikono haukupotea, umehamia kwenye fimbo.

Sasa angalia hesabu. Kichwa cha fimbo ndefu, ile ya dreva, kina uzito wa kama gramu 200, yaani hakifiki robo kilo. Mchezaji wa kulipwa anakipeleka kama mita 50 kwa sekunde, sawa na kilometa 180 kwa saa. Ukichukulia kinapita kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.25, kani inayohitajika kukizuia kisikutoroke ni 0.2 × 50 × 50 ÷ 1.25, yaani Newton 400. Hiyo ni kama kushika ndoo mbili za maji za lita 20! Kwa hiyo upende usipende, karibu na mpira mikono yako inavuta, na inavuta kuelekea mwilini. Ndiyo maana wachezaji wazuri wanaonekana wananyoosha miguu na kuinua bega la kushoto pale wanapopiga. Ni kama mtoto kwenye bembea anayesimama akifika chini ili iende kasi zaidi.

Ushahidi mwingine ni fimbo yenyewe. Picha za kamera za kasi zinaonyesha kwamba kwa wachezaji wengi, wakati wa kugusa mpira mpini umepinda kidogo kuelekea mbele, kichwa kimetangulia. Kama mkono wa kulia ungekuwa bado unakisukuma kichwa kwa nguvu, ungepinda kinyume chake.

BASI KUSUKUMA NI UONGO?

Hapana. Kusukuma kupo, tena sehemu tatu.

1. Miguuni. Huwezi kuvuta chochote kama hujasukuma ardhi. Simama kwenye sakafu yenye utelezi uvute kamba uone.

2. Katikati ya safari, pale kiwiko cha kulia kinaponyooka. Mikono miwili kwenye mpini inafanya kazi kama ya mpiga kasia: mmoja unashikilia, mwingine unasukuma, kasia linageuka. Huo ni wenzo na unaongeza mwendo, ila kwa muda mfupi.

3. Kwenye mipigo mifupi ya karibu na shimo. Pale mwendo ni mdogo, kani ya kutoroka ni ndogo, na mkono wa kulia unaweza kuongoza bila matatizo.

Ugonjwa mkubwa wa wanaoanza ni kusukuma MAPEMA. Wakifika juu tu, mkono wa kulia unairusha fimbo kama mvuvi anayetupa mshipi. Ile pembe kati ya mkono na fimbo inafunguka wakati mpira bado uko mbali, mwendo unaishia hewani. Hapo utachimba udongo nyuma ya mpira, au fimbo itapita kutoka nje kwenda ndani na mpira utapinda kwenda kulia.

Na wanaovuta nao wana ugonjwa wao. Wanaburuta mpini hadi mwisho, wanakataa kuiachia fimbo ifunguke. Uso wa fimbo unabaki wazi, mpira unakwenda kulia tena. Dalili zinafanana, dawa ni tofauti! Ndiyo maana ushauri wa mtu ambaye hajakuona ukipiga unaweza kukuharibu zaidi.

JARIBU MWENYEWE, HAINA GHARAMA

Funga ufunguo kwenye leso uuzungushe polepole kama pendulumu, usikie maana ya kuvuta.

Halafu geuza fimbo, shika upande wa kichwa, piga hewani kwa nguvu. Sikiliza ule mlio wa "vuuu". Ukisikika juu karibu na bega la kulia, unasukuma mapema. Unatakiwa usikike pale mpira ungekuwepo au mbele yake kidogo.

Mwisho piga mipira michache kwa mkono wa kushoto peke yake, halafu kulia peke yake, taratibu, mwendo mfupi. Utajua mkono upi umezoea kubeba kazi yote. Usitumie nguvu. Mgongo wa chini, viwiko na vifundo vya mikono ndivyo vinavyoumia zaidi kwenye mchezo huu, na hospitali hazitibu kwa maneno.

MTAZAMO WANGU

Kwangu mimi jibu ni mpangilio: sukuma ardhi, vuta mpini, acha mkono wa kulia unyooke wenyewe kwa wakati wake, halafu shikilia. Na uamue kabla hujaanza, maana ndani ya robo sekunde ubongo hauna nafasi ya kusahihisha kitu.

Wale mnaosema bila vifaa vya bei mbaya haiwezekani, mkumbukeni Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978. Alikuwa mbeba mifuko kule Hispania, akajifunza kwenye mchanga wa ufukweni na fimbo moja ya chuma, namba 3. Moja tu!

Wenye uzoefu wa viwanjani karibuni mnirekebishe au mniongezee, hasa mliofundishwa kinyume na haya. Matusi hapana, hoja ndiyo.

Nawasilisha.