Harufu ya Katinipi: Soko la Mimea Inayowachangamsha Paka

Katika maduka ya vifaa vya wanyama wanaofugwa nyumbani nchini Marekani, Ulaya na Japani huuzwa bidhaa ambazo mnunuzi wake hazitumii, na wala hawezi kuzipima ubora kwa pua yake mwenyewe: majani makavu ya mmea wa katinipi yaliyotiwa katika vifuko, panya wa kitambaa walioshindiliwa majani hayo, vijiti na unga wa mmea utambaao wa Asia ya Mashariki uitwao matatabi, pamoja na chupa za kupulizia zenye mafuta ya mimea hiyo. Anayelipa ni binadamu na anayetumia ni paka, na kinachouzwa hasa si jani wala kijiti bali ni harufu, yaani molekuli chache zinazopaa hewani na kumfanya paka anuse, alambe, atafune, asugue mashavu na kidevu, kisha agaegae sakafuni kwa dakika kati ya tano na kumi na tano kabla ya kutulia na kuipuuza kabisa harufu ileile kwa muda wa saa moja au zaidi.

Ukuaji wa soko hili unaeleweka vizuri zaidi pale unapohusishwa na namna paka wanavyoishi mijini. Paka aliyekuwa akizunguka ghalani na mitaani akiwinda panya sasa hufungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa, mahali ambapo hakuna mawindo wala majani, na mwenye nyumba huona wajibu wa kumtafutia shughuli ya kumzuia asinenepe na asichane makochi. Nchini Marekani pekee, chama cha wafanyabiashara wa bidhaa za wanyama wa nyumbani kilikadiria kwamba matumizi yote ya wananchi kwa wanyama hao yalifikia takriban dola bilioni 147 mwaka 2023, na ingawa sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye chakula na matibabu, ni kutokana na mkondo huohuo wa matumizi kwamba mmea uliokuwa gugu la kando ya njia umekuwa zao linalolimwa mashambani, kukatwa kwa mashine na kuuzwa kwa uzito.

Katinipi, ambayo jina lake la kisayansi ni Nepeta cataria, ni ndugu wa mnanaa na mrehani, kwa kuwa yote mitatu imo katika ukoo mmoja wa mimea wenye mashina ya pembe nne na majani yenye manukato. Asili yake ni maeneo yanayoanzia kusini na mashariki mwa Ulaya hadi Asia ya Kati, na walowezi wa Kizungu waliipeleka Amerika ya Kaskazini, ambako imeenea na kuota yenyewe. Jani lake likigeuzwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana vinyweleo vingi vyeupe, na miongoni mwake zimo tezi ndogo za mviringo zilizojaa mafuta. Ndani ya mafuta hayo mna kemikali iitwayo nepetalaktoni, molekuli yenye atomi kumi za kaboni, kumi na nne za haidrojeni na mbili za oksijeni, ambayo mwanakemia Samuel McElvain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitenga na kuieleza mwaka 1941. Tezi hizo hupasuka kwa urahisi, na ndiyo sababu jani lililoguswa kidogo tu hutoa harufu kali, na ndiyo sababu vilevile jani lililosagwa mno kiwandani na kukaa rafuni kwa muda mrefu hubaki na rangi nzuri ya kijani huku kilichomo kikiwa kimekwisha kuruka.

Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa la biashara hii, na ni tatizo linalostahili kuzungumzwa kuliko linavyozungumzwa. Mnunuzi wa karafuu anaweza kuzivunja, kuzinusa na kuzitafuna akajua mara moja kama zina mafuta au ni makonyo matupu, ilhali mnunuzi wa katinipi husikia harufu fulani ya mnanaa tu, isiyomwambia lolote kuhusu kiasi cha nepetalaktoni. Kwa hiyo hutegemea anachokiona, yaani rangi, usafi na ukubwa wa vipande, na mifuko mingi inayouzwa haitaji kiasi cha kemikali hiyo wala mwezi ambao mmea ulivunwa, ijapokuwa wakulima wanafahamu kwamba mmea huvunwa vizuri unapokuwa katika maua, kwamba mashina yana mafuta machache kuliko majani na vichwa vya maua, na kwamba kukausha kwa joto kali hufukuza kile hasa kinachouzwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers katika jimbo la New Jersey walitangaza aina mpya ya katinipi iliyopewa jina la CR9, iliyochaguliwa kwa kusimama wima ili ivunwe kwa mashine na kwa kutoa mafuta yenye nepetalaktoni nyingi. Hatua hiyo inaonyesha kwamba kipimo cha kemikali kinawezekana shambani, na kama kinawezekana shambani hakuna sababu ya msingi ya kukosekana kwenye lebo ya mfuko.

Upande wa paka mwenyewe umechunguzwa kwa miongo mingi. Mwaka 1962 Neil Todd alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwitikio wa paka kwa katinipi hurithiwa, na hadi leo inakubalika kwamba takriban theluthi mbili ya paka waliokomaa huitikia huku waliobaki wakipita bila kujali, ingawa wazo lake kwamba jeni moja tu ndiyo inayoamua limeachwa na wataalamu wengi wanaoona kuwa jeni kadhaa zinahusika. Paka wachanga wa miezi michache kwa kawaida hawaitikii. Mwaka 1985 Benjamin Hart na Mitzi Leedy walithibitisha kwamba njia inayotumika ni pua ya kawaida wala si kiungo cha pili cha kunusa kilichomo juu ya kaakaa, ambacho wanyama wengi hukitumia kutambua harufu za wenzao wa jinsia nyingine. Matokeo hayo yaliudhoofisha sana usemi uliokuwa umezoeleka kwamba paka anayegaagaa kwenye katinipi amepandwa na nyege.

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka Japani. Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti kuhusu matatabi (Actinidia polygama), mmea wa milimani ulio jamaa ya tunda la kiwi, ambao Wajapani wanajua tangu zamani kwamba huwalevya paka. Walikuta kwamba kemikali yenye nguvu zaidi ndani yake ni nepetalaktoli, ambayo muundo wake unakaribiana sana na nepetalaktoni ya katinipi, na kwamba paka anayeinusa huongezeka katika damu yake kiasi cha beta-endofini, dutu ambayo mwili wenyewe huitengeneza na ambayo hupunguza maumivu na kuleta raha kwa kushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini. Paka walipopewa kwanza naloksoni, dawa inayoziba vipokezi hivyo na ambayo hospitalini hutumika kumwokoa mtu aliyezidisha dawa za jamii ya mofini, waliacha kujisugua. Chui, jagwa na paka-mwitu aina ya linksi waliokuwa katika bustani za wanyama waliitikia kama paka wa nyumbani, ilhali mbwa na panya hawakujali. Tofauti iliyopo kati ya haya na dawa za kulevya ni muhimu: paka haingizi mofini kutoka nje, bali harufu huufanya mwili utoe raha yake wenyewe kwa muda mfupi, na utafiti uliofuata wa kundi hilohilo haukuona dalili za uraibu wala madhara katika ini na figo za paka waliopewa matatabi mara nyingi.

Ugunduzi wa pili wa utafiti huo ndio ulioipa tabia hii maana. Paka waliojisugua kwenye nepetalaktoli walituliwa na mbu wachache kuliko wenzao ambao hawakujisugua, na paka walijitahidi kufikisha uso na kichwa kwenye karatasi yenye kemikali hiyo hata ilipobandikwa ukutani au darini, mahali ambapo haiwezekani kugaagaa. Kwa maneno mengine, kile ambacho mwenye paka hukiona kama ulevi na mchezo kinafanana sana na kujipaka dawa ya mbu, hasa usoni na masikioni, mahali ambapo manyoya ni mafupi na mbu hupata njia. Mwaka 2022 watafiti hao waliongeza kwamba kulamba na kutafuna majani, jambo ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa ulafi tu, huyaharibu majani na kuyafanya yatoe kemikali hizo kwa wingi zaidi. Kwa mfanyabiashara hili lina tafsiri ya moja kwa moja: jani zima linaloachwa livunjwe na meno ya paka lina thamani kuliko vumbi lililosagwa miezi kadhaa kabla.

Kwa kuwa theluthi ya paka haiitikii katinipi, wauzaji wametafuta mimea mingine, na hapa sayansi imewasaidia waziwazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Sebastiaan Bol na wenzake uliwajaribu paka 100 kwa mimea minne, na takriban paka 8 kati ya 10 waliitikia matatabi, karibu 7 waliitikia katinipi, na takriban nusu waliitikia mzizi wa valeriani au mti wa Lonicera tatarica. Kati ya wale walioipuuza katinipi, karibu robo tatu waliitikia matatabi. Ndiyo maana vijiti na unga wa matatabi, ambavyo awali vilikuwa bidhaa ya Japani na majirani zake, sasa vinapatikana Ulaya na Marekani, na kinachopendwa kuliko vyote ni unga wa matunda yaliyovimba baada ya kushambuliwa na kijidudu kinachotaga mayai ndani ya ua. Tahadhari zinazohitajika ni chache lakini ni za kweli: kijiti kinachotafunwa hadi kuwa vibanzi huweza kumkwama paka kooni, majani mengi yakiliwa huleta kutapika au kuhara, na mafuta mazito yaliyochanganywa na manukato ya mimea mingine hayafai kupakwa kwenye manyoya, kwa sababu paka hujilamba na ini lake lina uwezo mdogo wa kuvunja baadhi ya kemikali, hususan za kundi la fenoli.

Mmea haukutengeneza harufu hii kwa ajili ya paka. Nepetalaktoni ni moja ya kemikali za kundi la iridoidi, ambazo mimea mingi hujikinga nazo dhidi ya wadudu, na mwaka 2020 timu iliyomjumuisha Benjamin Lichman na Sarah O'Connor ilionyesha kwamba mababu wa katinipi waliwahi kuupoteza uwezo wa kutengeneza iridoidi, kisha ukoo huo ukauunda upya baadaye kwa njia nyingine ya kikemikali. Mwaka 2021 watafiti wengine walieleza jinsi mbu wanavyofukuzwa: nepetalaktoni huamsha katika mwili wa mdudu kipokezi kiitwacho TRPA1, chenye kazi ya kuhisi vitu vinavyowasha, ilhali kipokezi cha aina hiyo cha binadamu hakiamshwi nayo, na kwa hiyo mtu husikia mnanaa pale ambapo mbu husikia mwasho.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, upande huu wa zao hili una uzito kuliko vifuko vya kuchezea. Mwaka 2011 kikundi cha wanasayansi kilichomjumuisha Ahmed Hassanali wa Kenya na John Pickett wa Rothamsted nchini Uingereza kilichapisha matokeo ya kuyajaribu mafuta ya katinipi dhidi ya mbu Anopheles gambiae anayeeneza malaria, dhidi ya kupe wa masikio anayeambukiza ng'ombe ndigana kali, na dhidi ya utitiri mwekundu wa kuku, na mafuta hayo yaliwafukuza. Mfugaji wa Bonde la Ufa au wa Iringa anayeogesha ng'ombe kwa dawa ambazo kupe wameanza kuzizoea ana haja kubwa zaidi na utafiti wa namna hii kuliko mwenye paka wa New York, na ingefaa vituo vya kilimo viulize ni aina gani ya Nepeta itakayostawi katika nyanda za juu na ni kwa gharama gani mafuta yake yatakenekwa kwa mvuke. Kikwazo kinachojulikana ni kwamba mafuta hayo huruka upesi na kinga yake haidumu kama ya dawa za kawaida, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kuyafanya yakae mwilini.

Wala si lazima harufu hiyo itafutwe katika mmea wa kigeni tu. Acalypha indica, gugu dogo la mwaka mmoja linaloota katika nchi za joto za Afrika na Asia, Afrika Mashariki ikiwa miongoni mwake, huwavuta paka pale mzizi wake unapong'olewa, na wanakemia wa Australia walipouchunguza mzizi huo walikuta ndani yake iridoidi zinazokaribiana na zile za katinipi na matatabi. Gugu linaloota bure kando ya ua lingeweza kuwa bidhaa ya kina mama wanaokausha na kufungasha mitishamba, mradi litumike kwa paka kunusa na kuchezea tu. Watu hawafai kulila wala kunywa maji yake kiholela, kwa kuwa nchini Sri Lanka wameripotiwa wagonjwa waliovunjika chembe nyekundu za damu baada ya kunywa mchuzi wa majani yake, nao walikuwa na upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Kifungashio chochote cha mzizi huo kitakachoingia sokoni kinapaswa kuandikwa onyo hilo kwa Kiswahili, pamoja na mwezi wa mavuno.