Mtoto asiyeitika huenda si mkaidi

Ndugu msomaji, mara ngapi umemsikia mzazi akimgombeza mtoto wa miaka miwili kwa kuwa ameitwa mara tatu asiitike? "Mkaidi huyu!" Pengine na kofi hufuata. Kumbe huenda mtoto hasikii vizuri, na asiyesikia vizuri huchelewa kusema, kwani lugha huingia masikioni kabla ya kutoka mdomoni.

Michezo midogo ya sauti humfunza mtoto lugha na humsaidia mzazi kugundua tatizo mapema. Nayo haina gharama.

Kwanza, mrudishie sauti. Kati ya miezi 6 na 9 watoto wengi huanza kutamka "ba-ba-ba". Mtazame usoni, mwigize, kisha nyamaza umpe zamu yake.

Pili, mfiche sauti. Tia maharage kwenye kopo, lifunge barabara asije akayameza, ulitikise nyuma yake asipokuona. Mtoto wa miezi 6 na zaidi kwa kawaida hugeuka kutafuta. Asipogeuka, rudia siku nyingine.

Tatu, mwigizieni wanyama wa nyumbani: mbuzi analiaje? Kuku je?

Nne, kwa mtoto wa miaka 3 au 4, pigeni makofi kwa kila silabi: Bu-ko-ba, Ka-ma-chu-mu, se-ne-ne. Kisha tafuteni maneno yanayoanza kwa sauti moja: baba, bibi, buni.

Wapo wazazi wa Bukoba mjini wanaomkataza bibi aliyetoka Muleba kumsemesha mjukuu Kihaya, wakidai kitamchelewesha. Hofu hiyo haina msingi. Bibi aseme "embuzi", mama aseme "mbuzi". Mtoto atayashika yote mawili. Kinachomnyima mtoto maneno ni ukimya wa watu wazima. Televisheni na simu hazimjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa mwaka mmoja au chini yake asikalishwe mbele yake kabisa.

Aidha, tutunze masikio. Usichokonoe sikio la mtoto kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku, na usitie mafuta wala maji ya majani. Sikio likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo naye apimwe usikivu.

Usisubiri "atasema tu" iwapo mtoto wa mwaka mmoja hatamki hata "ba-ba" au hageuki akiitwa. Wa miezi 18 hana neno hata moja. Wa miaka 2 haunganishi maneno mawili kama "mama maji". Au wa umri wowote amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Anzia zahanati iliyo karibu, na uombe rufaa ya kupimwa masikio hospitalini.

Mtoto ni amana, ndugu msomaji. Kabla ya kumwadhibu kwa kutoitika, hakikisha kwanza kwamba amekusikia.