Amani ya Burundi Ilivyotafutwa Arusha

Burundi ni jirani yetu. Imepakana na mikoa ya Kigoma na Kagera. Nyumba ya jirani ikiungua, moshi huingia kwako. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji wakaja Tanzania. Walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Baada ya mwaka 1993 walikuja wengine wengi zaidi.

UGOMVI ULIANZAJE?

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Watu wake ni Wahutu, Watutsi na Watwa. Wote husema lugha moja, Kirundi. Wahutu ndio wengi, lakini kwa miaka mingi jeshi na serikali vilishikwa na Watutsi.

Juni 1993 wananchi walipiga kura. Walimchagua Melchior Ndadaye. Alikuwa Mhutu wa kwanza kuwa rais kwa kura. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, askari walimwua. Vita vikaanza. Wahutu waliuawa, na Watutsi waliuawa.

MWALIMU AITISHA BARAZA

Mwaka 1996 Mwalimu Julius Nyerere alianza kazi ya usuluhishi. Msuluhishi ni mtu wa kati. Hampendelei huyu wala yule. Mwalimu aliwakutanisha kwanza Mwanza. Lakini Julai mwaka huo jeshi la Burundi lilipindua serikali, na Pierre Buyoya akawa rais. Nchi jirani zilikutana Arusha. Zikakata biashara na Burundi ili viongozi wake warudi kuzungumza.

Juni 1998 mazungumzo yalianza tena, safari hii Arusha. Kamati ziliundwa. Moja ilichimba mizizi ya ugomvi. Nyingine zilizungumzia serikali, usalama na kuijenga nchi upya.

MZEE AMEFARIKI, JE, KESI IMEKWISHA?

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki London. Kazi ilikuwa bado. Fikiri, msomaji: mzee wa baraza akifariki, je, kesi nayo huzikwa? La. Hutafutwa mzee mwingine.

Desemba 1999 viongozi wa nchi jirani walimchagua Nelson Mandela. Yeye hakuficha maneno. Aliwakemea wanasiasa wa Burundi, kwa sababu wao walibishana huku wananchi wakifa. Alidai jeshi liwe la Wahutu na Watutsi nusu kwa nusu. Alidai pia watu waliokusanywa kwa nguvu makambini waachwe warudi makwao.

Tarehe 28 Agosti 2000 Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi. Rais Bill Clinton wa Marekani alikuwapo. Vyama vingine vilisita siku hiyo, vikatia sahihi baadaye.

WALIOKUWA NJE YA BARAZA

Hata hivyo bunduki hazikunyamaza. Kwa nini? Vikundi viwili vyenye silaha, CNDD-FDD na FNL, havikutia sahihi. Ukipatanisha watu wawili na kumwacha wa tatu nje na panga lake, hujamaliza kazi.

Wasuluhishi wakaendelea. Novemba 2003 CNDD-FDD walitia sahihi Dar es Salaam. Mwaka 2005 uchaguzi ulifanyika. Septemba 2006 FNL nao walitia sahihi Dar es Salaam. Mwaka 2009 waliweka silaha chini.

AMANI HUPALILIWA

Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitaka kipindi cha tatu. Machafuko yakatokea, na watu wakakimbia tena. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimpa Mzee Benjamin Mkapa kazi ya kuwapatanisha. Lakini mwaka 2019 mazungumzo yalikwisha bila mapatano.

Ndugu msomaji, amani ni kama shamba. Kulima mara moja hakutoshi. Magugu yakiota, shika jembe tena.

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Kwa nini vita viliendelea baada ya mapatano ya mwaka 2000?
2. Msuluhishi mwema ana sifa gani?
3. Katika kijiji chenu, ugomvi wa mpaka wa shamba husuluhishwaje? Je, wote wanaohusika huitwa?