Baridi ya Winnipeg si ya Limuru

Neno moja huweza kubeba maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Sisi tutajapo baridi, aghalabu huwa na maana ya Limuru mwezi wa Julai: ukungu, sweta na kikombe cha chai ya moto. Kule Winnipeg, nchini Kanada, neno hilohilo hutaja usiku wa Januari ambapo kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri. Mwanafunzi wetu aendaye huko na kununua gari, akilichukua neno kwa maana ya nyumbani, anahatarisha roho yake.

Tuanze na betri. Umeme wake hutokana na kemikali, na baridi huzizubaisha. Kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri, betri hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake. Papo hapo oili ya injini huwa nzito, hivyo injini hudai nguvu zaidi ili izunguke. Ndiyo maana wenyeji huipima betri kabla ya theluji kuanguka, na kutumia oili nyepesi iliyoandikwa 0W. Ule waya wenye plagi unaoning'inia mbele ya magari mengi ya huko si pambo. Usiku huchomekwa kwenye stima ili kuipasha injini joto.

Maji nayo yagandapo hutanuka, yakaweza kuipasua injini. Kwa hiyo huchanganywa na glaikoli nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hustahimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sufuri. Ajabu ni kuwa glaikoli tupu huganda mapema kuliko mchanganyiko huo. Kuzidisha dawa, basi, si kuzidisha kinga.

Tairi za kawaida hukakamaa na kuteleza joto lishukapo chini ya nyuzi 7. Katika jimbo la Quebec, sheria hulazimisha tairi za majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haina sauti. Gari likikwama thelujini, dereva huiacha injini ikinguruma apate joto. Theluji ikiziba bomba la moshi, kaboni monoksaidi huingia ndani. Haina rangi wala harufu, nayo huua. Sharti kwanza afukue bomba, afungue dirisha kidogo, kisha awashe injini kwa dakika 10 hivi katika kila saa. Blanketi, sepetu na chakula visikosekane garini, wala tangi lisipungue nusu.

Walimu wenzangu, hayo yote yamo katika masomo yetu ya fizikia na kemia: kutanuka kwa maji, mwendo wa kemikali, gesi zenye sumu. Anayeyakariri kwa ajili ya mtihani huenda akapita, lakini anayeyaelewa ndiye atakayeyakumbuka usiku ule barabarani. Tuyafundishe kwa lugha inayoeleweka na kwa mifano inayovuka mipaka ya Limuru. Twaambiwa kwamba ajali haina kinga. Ajali nyingi za baridi zina kinga, na kinga hiyo huanzia darasani.