Gitaa ya zamani imenyamaza: mikro ya asili itatoka wapi?



Katika makanisa yetu ya Fizi na Baraka bado kuna gitaa za umeme zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970. Gitaa kama hiyo ikinyamaza, watu husema mara moja: "Mikro imekufa, tutafute nyingine ya asili." Mchango unapitishwa, kisha ndugu aliyepitia Nyarugusu hadi kufika Marekani anaandikiwa ujumbe anunue. Tunaomba msianzie hapo.

Mikro ya gitaa si kama ile ya mhubiri. Yenyewe haipokei sauti ya hewa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, basi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye mikro hiyo. Waya wenyewe una unene wa milimita 0.06 hivi, na mara nyingi umezungushwa mara 7,000 hadi 8,000. Ukiunyoosha, unapita kilomita moja. Sumaku za zamani nyingi ni za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. (Kobalti hiyo, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka nchini kwetu. Inatoka ikiwa udongo, inarudi ikiwa na bei.)

Sumaku haifi kirahisi. Kinachokatika ni waya, na mara nyingi hata waya wa mikro ni mzima. Ubovu uko kwenye tundu la kebo, kwenye kitufe cha sauti, au mahali palipolehemiwa ambapo unyevu wa ziwa na jasho la mikono vimeleta kutu. Kwa hiyo washa amplifaya kwa sauti ndogo, gusa mikro polepole kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia "to" kwenye bafle, mikro ni hai. Kisha mwite fundi wa redio mwenye multimeta. Apime kwenye nyaya za mikro yenyewe, zikiwa zimetolewa kwenye kitufe. Mikro nyingi nzima huonyesha kati ya omu 5,000 na 10,000, ingawa ziko zinazopita hapo. Kama multimeta haionyeshi njia yoyote, waya umekatika.

Hata ukikatika, usitupe kitu. Waya hupenda kukatika kwenye mwisho wake wa nje, pale unapolehemiwa kwenye waya mnene. Fundi mwenye mkono mtulivu anafungua mzunguko mmoja, anakwangua rangi ya waya, analehemu tena. Mzunguko mmoja kati ya elfu saba hakuna sikio litakaloukosa.

Ikiwa umekatika ndani, tuko kwenye swali la asili. Hapa tunasema wazi: mikro ya asili ya gitaa yako ni ile iliyomo ndani yake. Kiwanda cha Hagström cha Uswidi kiliacha kutengeneza gitaa mwaka 1983. Jina lilirudi baadaye kwenye gitaa zinazotengenezwa Asia, na mikro ya hizo si ile. Mikro za Gibson za mwisho wa miaka ya 1950, zenye karatasi ndogo nyeusi chini, huuzwa kila moja kwa zaidi ya dola elfu moja, na karatasi hiyo watu huiga. Kwa pesa hizo, kwaya inapata gitaa mpya na bafle.

Ni afadhali kuzungusha waya mpya juu ya sumaku ileile. Waya wa mafundi wa mota ni mnene mno, haufai. Mwombe ndugu aliye ng'ambo alete bobini ya waya mwembamba wa kiasi tulichotaja. Nusu kilo inatosha mikro zaidi ya kumi, kwa hiyo parokia kadhaa zinaweza kununua pamoja. Na kwa anayedhani kazi hii si ya mikono yetu: Mawangu Mingiedi wa Konono N°1, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza mikro za likembe zake huko Kinshasa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Sauti ile ilifika Ulaya na Marekani.

Kama bado mnaamua kununua, msitume pesa kabla ya muuzaji kutuma picha ya upande wa chini wa mikro na picha ya multimeta ikiipima. Nanyi mtumie vipimo: kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi wa sita, kutoka tundu la skrubu hadi jingine, na kina cha shimo kwenye ubao. Mikro ya shingoni na ile ya karibu na daraja hazilingani kila mara, kwa hiyo andikeni ni ipi.

Na ile ya zamani fundi asiichukue kama sehemu ya malipo. Ifungeni kwenye kitambaa, mwandike jina la gitaa juu yake, na muiweke mbali na sumaku za bafle, kwa maana sumaku kubwa hudhoofisha ndogo.