Wiki 13 hapa, wiki 13 kule: kazi ya mpiga eksirei wa mkataba Marekani

Usiku wa manane, katika hospitali ndogo ya mji wa wakulima huko Marekani, anayejua kupiga eksirei huwa mtu mmoja tu. Nyingi ya hospitali hizi ziko chini ya mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambao sasa unaziwekea kikomo cha vitanda 25 vya kulaza wagonjwa ili zilipwe na serikali kwa utaratibu wa pekee. Mzee akianguka bafuni, kijana akipinduka na trekta, wote huletwa hapo, maana hospitali kubwa iko mbali. Na yule anayewapokea kwenye chumba cha picha huenda hajamaliza hata mwezi mjini. Gari lake lina namba za jimbo jingine, na kitambulisho alichovaa kimechapwa juzi.

Huyo ni mteknolojia wa eksirei wa kusafiri. Ameajiriwa na wakala, si hospitali. Mkataba wake kwa kawaida ni wa wiki 13, yaani robo ya mwaka. Ukiisha, ama anaongezewa muda, ama anafungasha virago na kuelekea mji mwingine. Hospitali humwita kwa sababu ambazo mtu yeyote anazielewa: mfanyakazi mmoja amejifungua, mwingine amestaafu, wa tatu amepata kazi jijini, na tangazo la nafasi limekaa miezi bila mwombaji. Chumba cha dharura hakiwezi kufungwa eti kwa kukosa mpiga picha.

Kusafiri na eksirei si jambo la jana. Wilhelm Röntgen aliigundua miale hii Novemba 8, 1895, na haikupita miaka 20 kabla Marie Curie hajapakia mitambo yake kwenye magari na kuipeleka karibu na uwanja wa vita huko Ufaransa, akisaidiwa na binti yake Irène aliyekuwa na miaka 17. Wakati ule mashine ndiyo iliyofuata majeruhi. Leo mashine zipo, tena nzuri. Kinachosafirishwa ni mikono ya kuziendesha.

Nimeifanya kazi hii, na ninaipenda. Ndiyo maana sifurahi ninaposikia ndugu zetu waliohamia huku wakiizungumzia kana kwamba ni dola tupu. Kwangu ni kazi ya mkono uliokomaa. Mwajiriwa mpya wa kudumu hupewa wiki kadhaa za kuzoea, akiandamana na mwenyeji. Wa mkataba hupewa siku moja, mbili akibahatika. Ndani ya muda huo anaoneshwa aproni za risasi zinapotundikwa, namba ya siri ya mlango wa chumba cha upasuaji, na jinsi ya kutuma picha kwa daktari bingwa wa radiolojia, ambaye pengine anazisoma akiwa mji mwingine kabisa. Kesho yake yuko peke yake.

Na kila mahali pana taratibu zake. Mashine ya kusukuma wodini hapa ina breki kwenye mpini, kule ina kanyagio. Hospitali moja inataka picha tatu za kifundo cha mguu, nyingine inataka mbili kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo msafiri hujifunza haraka kushika yale yasiyobadilika. Kifua cha mtu aliyesimama hupigwa kutoka umbali wa sentimita 180 hivi, kwa sababu ukisogea karibu moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mtu anaweza kuambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao. Jina na tarehe ya kuzaliwa huulizwa kila mara, hata kama mgonjwa huyo huyo ulimpiga picha asubuhi.

Jambo jingine lisilobadilika ni alama. Kila mpiga eksirei wa Marekani ana vipande vyake viwili vidogo vya risasi, kimoja cha herufi R kwa kulia, kingine L kwa kushoto, mara nyingi vikiwa na herufi za mwanzo za jina lake. Huvibeba mfukoni kutoka jimbo hadi jimbo. Kabla ya kubonyeza, anabandika kimoja pembeni mwa eneo la picha, nacho kinatokea cheupe kwenye filamu au kioo. Kompyuta za siku hizi zinaruhusu kuandika herufi baada ya picha kupigwa, na hapo ndipo hatari inapoingia. Wapo watu waliozaliwa moyo ukiwa upande wa kulia. Picha ya mtu kama huyo ikija bila alama ya risasi, nani atajua kama ni maumbile yake au picha imegeuzwa? Na mfupa wa nyonga ukitajwa upande usio wake, daktari wa upasuaji anaweza kuandaa mguu usiohusika. Mpiga picha anayeacha alama zake mfukoni kwa sababu ana haraka, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi, nisingemkabidhi mama yangu.

Chumba cha upasuaji ndicho kinachowatoa jasho wageni. Hapo hutumika mashine yenye umbo la herufi C, inayoonesha mifupa papo hapo daktari anapokaza skrubu. Daktari hakujui jina, na wala hana nafasi ya kukuuliza. Anataka picha hapo hapo, isogezwe juu kidogo, irudishwe. Anayeijua kazi husimama upande wa kipokea picha, si upande wa chanzo cha miale, kwa kuwa miale inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa ni mikali zaidi upande wa chanzo. Tena anarudi nyuma kila anapoweza: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo.

Kipimo cha mionzi huvaliwa kwenye ukosi, nje ya aproni. Kikomo cha kisheria cha mfanyakazi nchini Marekani ni milisiviti 50 kwa mwaka, na wapiga eksirei wengi hawakikaribii. Lakini msafiri ana tatizo ambalo mwenyeji hana: kila hospitali inampa kipimo chake, na akiondoka kumbukumbu hubaki huko. Asipozidai na kuzikusanya mwenyewe, hakuna atakayejua amepokea kiasi gani kwa jumla. Dai karatasi hizo kabla hujarudisha funguo.

Kuna siku ambazo Kiswahili chenyewe huwa kifaa cha kazi. Iowa ina jamii kubwa ya watu waliotoka Kongo, na katika hospitali moja ya huko aliletwa bibi mwenye kikohozi, ameshikilia rozari yake shingoni kwa mikono miwili. Chuma kikikaa kifuani huficha mapafu, kwa hiyo lazima kivuliwe. Mkalimani wa simu alikuwa bado anatafutwa. Nikamwambia, "Bibi, hakuna atakayeichukua. Ishike wewe mwenyewe kiganjani, uweke mkono kiunoni." Akanitazama, akaivua. "Vuta pumzi. Itoe. Vuta tena, ishikilie hapo hapo... Haya, pumua." Pumzi ya pili ndiyo huingia vizuri; mbavu kumi za nyuma zikahesabika juu ya kiwambo, na picha haikurudiwa. "Aksanti sana, mutoto yangu," akasema, akaivaa rozari kabla hajavaa blauzi. Maelezo ya ugonjwa aliyapata baadaye kupitia mkalimani aliyesajiliwa, na ndivyo inavyotakiwa. Mpiga picha si mkalimani wa daktari.

Sasa niseme juu ya makaratasi, maana hapa ndipo wengi wetu wanapokwama. Usajili wa kitaifa hutolewa na ARRT, bodi iliyoanzishwa mwaka 1922, yenye makao St. Paul, Minnesota. Kuna mtihani, na baada ya kufaulu kuna alama 24 za masomo ya kujiendeleza kila miaka miwili. Juu ya hapo, majimbo mengi yana leseni zao. California, kwa mfano, inadai cheti chake na kibali cha ziada cha kutumia mashine za picha za papo hapo. Aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi asidhani stashahada yake inatosha kumkalisha kwenye mtihani huo. Kwa kawaida atatakiwa kupitia programu inayotambuliwa na bodi hiyo. Ajenti anayekwambia utafika na kuanza kazi wiki hiyo hiyo anakudanganya.

Fedha nazo zina mitego. Malipo hugawanywa: mshahara wa saa unaokatwa kodi, na posho ya nyumba na chakula ambayo haikatwi. Posho hiyo haikatwi kodi ikiwa tu una makazi ya kweli kwingine unayoyagharimia. Aliyeuza kila kitu akaishi barabarani hana haki nayo, na anayekaa sehemu moja zaidi ya mwaka huipoteza pia. Wapo waliokuja kudaiwa na IRS, idara ya kodi ya Marekani, miaka baadaye, wakati wakala ameshawasahau.

Upweke upo, sitauficha. Unakula sikukuu na wagonjwa, watoto unawaona kwenye simu. Na wenyeji wanaokuzidi miaka ya kazi pale wanajua unalipwa zaidi yao. Heshima yao utaipata kwa kufanya kazi bila kulalamika.

Kijana uliyemaliza chuo, kaa kwanza miaka miwili katika hospitali yenye majeruhi wengi na zamu za usiku, upige nyonga zilizovunjika na vifua vya wagonjwa mahututi hadi mikono ijiendee yenyewe. Ndipo uchukue mkataba. Usome wote: saa za uhakika ni ngapi, nani analipa ukiitwa usiku, na hospitali ikikuvunjia mkataba wiki ya tatu, kodi ya nyumba italipwa na nani. Haya yawe kwenye maandishi. Na wakala anayekuharakisha utie sahihi leo leo, mwache. Nafasi nyingine haitakosekana.