Nambari mkiani yafichua siri ya wanahewa waliotoweka 1945

NDEGE ya uchukuzi ya jeshi la Marekani aina ya C-46 ilipaa kutoka Kunming, kusini mwa China, katika wiki ya kwanza ya Januari 1945 ikiwa na watu 13. Ilikumbwa na hali mbaya ya hewa juu ya milima iliyo kati ya China na India, na haikusikika tena. Mabaki yake yalipatikana Desemba 2021 kwenye mlima wenye theluji katika jimbo la Arunachal Pradesh, kaskazini mashariki mwa India.

Kilichomwezesha kiongozi wa msafara huo, Mmarekani Clayton Kuhles, kutangaza kwamba hiyo ndiyo ndege iliyokuwa ikitafutwa si mifupa wala mavazi. Hakuna mabaki ya binadamu yaliyoonekana mahali hapo. Ilikuwa nambari iliyoandikwa mkiani.

Watu wengi hudhani kwamba tatizo la ndege zilizopotea vitani ni kutojulikana kwa waliokuwemo. Mara nyingi mambo ni kinyume. Majina yalijulikana tangu siku ile ile, yakapigwa taipu na kuwekwa katika faili. Kilichokosekana ni mahali. Kazi ya mtafiti, basi, ni kuoanisha kipande cha bati kilichoko msituni na karatasi iliyoko Marekani, na hatimaye karatasi hiyo na familia iliyo hai.

Njia ambayo ndege hiyo ilifuata iliitwa na marubani "Nundu", kwa jinsi milima ilivyotuna mbele yao. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 walikata barabara iliyokuwa ikipeleka silaha na mafuta China. Marekani na washirika wake wakaamua kupitisha kila kitu angani, kutoka viwanja vya Assam kama vile Chabua hadi Kunming. Hadi shughuli hiyo ilipokoma mwaka 1945, takriban tani 650,000 za shehena zilikuwa zimesafirishwa. Ndege karibu 600 ziliangamia na watu zaidi ya 1,600 wakafa au kutoweka. Wengi hawakudunguliwa na adui. Waliuawa na barafu iliyoganda kwenye mabawa, pepo kali, injini zilizozimika na vilele ambavyo ramani za wakati huo hazikuvionyesha ipasavyo.

Hapo ndipo utafiti wa ndege za uchukuzi unapokuwa mgumu kuliko ule wa ndege za mabomu. Wanahewa wa ndege ya mabomu kwa kawaida waliruka pamoja wiki baada ya wiki, wakapigwa picha wakiwa mbele ya ndege yao na hata kuibandika jina. Kwenye Nundu, rubani, rubani msaidizi, mwendesha redio na fundi wa mitambo waliweza kukutanishwa asubuhi kwa safari moja tu, kisha kila mmoja akapangiwa ndege nyingine siku iliyofuata. Mtafiti anayeona jina la rubani katika orodha ya Jumatatu hawezi kudhani kwamba wenzake wa Jumatatu ndio waliokufa naye Alhamisi. Isitoshe, kulikuwa na abiria: askari waliokuwa wakienda likizo, maafisa waliohamishwa, watu waliopewa nafasi dakika za mwisho. Bila shaka baadhi ya wale 13 wa C-46 walikuwa wa kundi hilo, kwani ndege hiyo haikuhitaji wahudumu wengi kiasi hicho.

Waraka unaotafutwa kwanza ni Ripoti ya Wanahewa Waliotoweka. Jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1943, na kamanda alitakiwa kuijaza ndani ya saa 48 baada ya ndege kutangazwa kuwa haijulikani iliko. Humo mna nambari ya ndege, nambari za injini, hali ya hewa, mahali ndege ilipoonekana au kusikika mara ya mwisho, na majina ya wote waliokuwemo pamoja na jamaa zao wa karibu. Ripoti hizo zimo katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa ya Marekani na zilikwisha kuondolewa katika kundi la nyaraka za siri. Kwa ndege zilizopotea kabla ya utaratibu huo kuanza, mtafiti hulazimika kupekua shajara za vikosi na barua za makamanda.

Nambari yenyewe ina kanuni yake. Ikianza na 42, maana yake ndege iliagizwa katika mwaka wa fedha wa 1942. Ilipopakwa mkiani, tarakimu ya kwanza iliachwa, hivyo ndege hiyo ilionekana ikiwa na nambari inayoanza na 2. Mkia ukiwa umeungua, hutafutwa kibati kidogo kilichopigwa misumari ndani ya chumba cha rubani, au nambari za injini. Za injini zinahitaji uangalifu kwa sababu injini zilibadilishwa mara kwa mara, na hazina maana hadi zilinganishwe na ripoti ya siku ndege ilipopotea.

Kisha huja faili za watu binafsi. Julai 12, 1973, moto uliteketeza sehemu ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi katika eneo la St. Louis na kuangamiza takriban asilimia 80 ya faili za waliotoka katika jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960. Wanahewa wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa chini ya jeshi hilo. Kwa bahati njema faili za mazishi ya waliokufa zilisalimika, nazo zina barua za familia zilizokuwa zikiuliza habari za wapendwa wao kwa miaka mingi.

Si Wamarekani pekee waliopotea katika anga hizo. Katika masika ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Kenya na majirani zake, ilisonga mbele kupitia bonde la Kabaw nchini Burma huku barabara zikiwa tope tupu. Chakula na risasi zao zilidondoshwa na ndege aina ya Dakota. Anayetafuta Dakota ya Uingereza iliyopotea huanza na shajara za vikosi zilizohifadhiwa Kew, jijini London, na majina ya wanahewa wasio na makaburi huyakuta kwenye mnara wa Kranji, Singapore.

Lakini karatasi haipandi mlima. Katika maeneo ya Arunachal, wanaojua mabaki yaliko ni wawindaji, ambao wamekuwa wakiyapita kwa vizazi. Msafara wa C-46 uliongozwa na wenyeji wa jamii ya Lisu, wakivuka mito iliyowafika kifuani. Watatu kati yao walikufa kwa baridi theluji ilipowakuta kambini Septemba, katika hatua ya awali ya msako huo. Taarifa nyingi za ugunduzi ziliwataja kwa sentensi moja. Mtu ana haki ya kuuliza iwapo nambari ya mkiani ilistahili bei hiyo, na swali hilo halipaswi kujibiwa na waliokaa Arizona au New Delhi peke yao.

Hata mabaki ya binadamu yakipatikana, kuna kizingiti kingine. Mifupa iliyokaa miaka 80 mara nyingi hutoa tu aina ya DNA ambayo mtu huirithi kutoka kwa mama. Mtoto wa marehemu, hata kama ndiye aliyegharamia msako, ameirithi ile ya mama yake na si ya baba. Anayehitajika ni dada wa marehemu, watoto wa dada huyo, au wajukuu wake kwa upande wa binti zake.

Hayo yalitimia kwa ndege ya mabomu aina ya B-24, iliyoitwa Hot as Hell, iliyopotea Januari 25, 1944 ikiwa na watu wanane katika njia hiyo hiyo ya Nundu. Kuhles aliipata mwaka 2006. India ilisimamisha uchimbaji kwa miaka kadhaa, kisha ikauruhusu mwaka 2015. Mmoja wa wanane hao alitambuliwa na kuzikwa Georgia mwaka 2017. Marekani ina desturi ya kuweka ua dogo la shaba kando ya jina la kila aliyetambuliwa, kwenye kuta za waliotoweka katika makaburi yake ya ng'ambo.